Nilimlipia rafiki safari ya gofu kwa siri, mke wangu nikamwambia ni breki za gari

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni mwanamume wa miaka 44, mzaliwa wa Arusha. Naishi Minnesota, Marekani, huu mwaka wa kumi na tatu, na nina mke na watoto wawili. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba za matunzo, zamu za usiku. Nakuandikia saa kumi alfajiri nikiwa kazini. Mzee ninayemwangalia amelala, mimi usingizi umenikataa.

Usinicheke, shida yangu imeanzia kwenye gofu. Najua huko nyumbani ukitaja gofu watu wanawaza mawaziri na mabalozi. Huku kuna viwanja vya manispaa, mtu unalipa kiasi chako unaingia, hakuna anayekuuliza baba yako nani. Tuko wanane, Watanzania watatu na Wakenya watano: madereva wa malori, wauguzi, na mmoja fundi umeme. Tatizo ni msimu. Novemba theluji inaanza na viwanja havifunguliwi mpaka Aprili. Katikati hapo unapiga mipira ndani ya jengo, mbele ya skrini, kama mtoto na michezo ya kompyuta. Ndiyo maana kila Machi, kabla msimu haujaanza, tunapanda ndege kwenda Myrtle Beach, South Carolina, kunyoosha mikono. Ni pwani ndefu, karibu kilomita 100 za mchanga, na viwanja vya gofu zaidi ya 80. Tunakodi nyumba moja kubwa, tunacheza siku nne, jioni ugali na samaki. Mwaka huu ni safari ya saba, na tangu ile ya pili mimi ndiye mshika mfuko.

Aliyetukusanya ni Mkenya tunayemwita Mwalimu (si yule wa Butiama, huyu ametoka Nyeri). Ana miaka 59. Utotoni alikuwa kedi, yaani mbeba mifuko ya wachezaji, na alijifunza kwa kupiga mipira iliyookotwa vichakani kwa fimbo aliyojichongea. Mimi alinishika mkono mwaka 2016 kwenye uwanja wa Hiawatha, Minneapolis. Siku ya kwanza hakunipa hata fimbo. Alinizungusha kwa miguu, akanionyesha jengo la wachezaji, akaniambia zamani Mweusi aliruhusiwa kulipa na kucheza lakini si kutia mguu mle ndani, mpaka mwaka 1952. Siku hizi jengo lenyewe limepewa jina la Solomon Hughes, mchezaji Mweusi aliyekuwa miongoni mwa waliolipigania jambo hilo. Mwalimu ndivyo alivyo, hakufundishi kupiga mpira kabla hujajua umesimama wapi. Hata kule South Carolina kuna uwanja mmoja, Caledonia, uliojengwa kwenye shamba la zamani la mpunga walilolima watumwa kutoka Afrika. Unaingia kwa njia yenye mialoni mikubwa pande zote mbili, yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia. Kila mwaka, kabla ya mkwaju wa kwanza, Mwalimu huvua kofia, anakaa kimya kidogo, ndipo anasema, "Haya, tupige." Bila yeye safari hii ni kundi la wanaume wanaokula samaki tu.

Sasa mkasa. Mwaka huu kila mtu ni dola 940 kwa nyumba na viwanja, nauli ya ndege mbali. Dola 200 za kutanguliza zililipwa Oktoba, na 740 zilizobaki mwisho wake ulikuwa tarehe 10 Februari. Ilipofika tarehe 2, saba walikuwa wamemaliza. Mwalimu kimya. Yeye ujumbe wa simu siku hizi hajibu, anapiga tu. Akapiga: "Nitakutumia kesho, kijana." Kesho haikuja. Tarehe 7 mmoja wetu akaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Kama mzee hana, nina jamaa yangu St. Paul amekaa na hela mkononi. Tena anacheza haraka." Nikuambie kweli, hilo la haraka lina sababu. Mwalimu amekuwa mzito uwanjani. Msimu uliopita kila mpira akiupiga anauliza, "Umekwenda wapi?" Tunatafuta vichakani huku watu wa nyuma wanatusonya. Vijana wamechoka. Hakuna aliyejibu ule ujumbe kwa maneno, ila watatu waliweka dole gumba. Yale madole yaliniuma.

Tarehe 9 usiku nililipa mimi. Nilitoa 740 kwenye akaunti ya pamoja mimi na mke wangu, ile tunayoweka nauli ya Desemba, tiketi nne za kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Nikaandika kwenye kundi: "Wote wamekamilisha."

Siku mbili baadaye mke wangu akaniuliza, "Hii 740 ni ya nini?" Mdomo ukanitangulia: "Breki za gari." Jumamosi yeye ndiye aliyeliendesha kwenda kazini. Jioni akarudi, akaweka ufunguo mezani taratibu, akasema, "Breki zako mpya zinalia kama zile za zamani." Akaenda kuoga. Tangu siku hiyo hajauliza tena, na hilo ndilo linalonitisha. Gofu yenyewe haipendi, kila mwaka ananiuliza tunajiandaa na msimu gani, wa mvua au wa mavuno.

Nilidhani angalau nimemsitiri Mwalimu. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye mchango wa msiba huko Brooklyn Park. Nilimpitia kwake mimi, kwa kuwa tangu Septemba akitoka jioni anaomba lifti. Mmoja wetu akamtania, "Naona umekamilisha, mzee. Tulishaanza kuuza nafasi yako!" Mwalimu akacheka, akasema mbele ya watu, "Mimi nililipa zamani, huyu mshika mfuko wenu ndiye mzito wa kuandika." Akanipiga bega. Mama, nilitamani ardhi ipasuke. Niliwaza, huyu anajua fika hakulipa, na bado ananifanya mimi ndiye mzembe? Kumrudisha nyumbani hatukuongea. Na nikaona pale anapoegesha lori lake pako wazi, theluji haijakanyagwa.

Juzi mfanyakazi mwenzangu akaniambia kuna Mkenya mtu mzima ameajiriwa kwenye nyumba yao, zamu ya usiku, anafua na kupiga deki. Alivyonieleza sura na maneno yake, ni Mwalimu.

Safari ni wiki tatu zijazo. Je, nimdai hela yangu, na nimdai vipi? Mke wangu nimwambie, au nichukue zamu za ziada nizirudishe zile 740 kimyakimya na mambo yaishe? Na huu mfuko niuache? Nimechoka kuwa mtu mwema ambaye kila mtu anamwona mbaya.

Mshika Mfuko, Minnesota

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Ile mialoni umenieleza hadi nikaiona, na mafunzo ya Hiawatha pia. Mke wako umempa mistari michache, na mmoja wapo ni wa kumcheka eti hapendi gofu. Kwa hiyo mimi naanza na yeye.

Mke wako anajua umemdanganya. Breki zimemwambia. Asichokijua ni umemdanganya kuhusu nini, na nafasi hiyo haikai wazi, mtu huijaza mwenyewe akiwa kazini, akiwa anaosha vyombo, akiwa amelala upande wake wa kitanda huku wewe uko zamu. Hebu jaza wewe uone. Mume anashinda kazini usiku. Dola 740 zimetoka, sababu ya uongo. Wiki chache zijazo anasafiri siku nne kwenda pwani. Ungeandika nini hapo? Ukweli wako ni mdogo na mzuri kuliko chochote anachokiwaza saa hizi, na kila siku unayokaa nao unazidi kufanana na uongo.

Mwambie leo, ukishapumzika. Msiambizane mlangoni mmoja anatoka mwingine anaingia, ninyi watu wa zamu mna tabia hiyo. Kaeni. Na nisikilize vizuri hapa: usianze na shida za Mwalimu. Ukianza na uzee wake na zamu za kufua nguo, utakuwa umemfunga mdomo mke wako kabla hajasema neno, maana akikasirika ataonekana hana huruma. Anza na lako. "Zile 740 nilizitoa kumlipia Mwalimu safari. Sikukuuliza. Ulipouliza nikasema breki, nikakudanganya." Nukta. Nyamaza. Akasirike anavyotaka kukasirika, ana haki hiyo, hizo ni nauli za watoto wake kwenda kuona bibi yao. Akimaliza ndipo umweleze Mwalimu.

Kuzirudisha kimyakimya kwa zamu za ziada? Huko ni kumdanganya mara ya pili, safari hii ukiwa umechoka. Zirudi, ndiyo, tena zirudi kabla hujapanda ndege, lakini yeye akijua zinatoka wapi. Mpwa wangu anacheza gofu pale Lugalo, nilimpigia kuhusu barua yako, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba hakuna mchezaji asiye na fimbo moja ya bei mbaya aliyoinunua akidhani itamtengeneza. Unayo. Iuze. Na mke akisema mwaka huu huendi, usimjibu papo hapo kwamba wewe ndiye mshika mfuko na watu wanakutegemea. Kaa na neno lake japo usiku mmoja.

Sasa Mwalimu.

Umekasirika kwa sababu alisema alilipa. Nami nakuuliza, ulitaka aseme nini? Wewe ndiye uliyeandika "Wote wamekamilisha". Amesimama kwenye msiba wa watu, mtu anamtania mbele ya umati kwamba nafasi yake ilikuwa inauzwa, naye ana majibu mawili tu: akubali maneno uliyomwandikia, au atangaze pale pale kwamba hana kitu na kuna mtu kamlipia. Alisoma ulichomwandikia. Na lile bega, mwanangu, wewe umeliona kejeli. Mimi nimeliwaza sana. Mtu asiyejua nani kamlipia hana sababu ya kumpiga bega mshika mfuko. Pale palikuwa na watu, asante nyingine isingepita.

Ila kuna jambo kubwa kuliko hilo, na umeliandika mwenyewe bila kuliona. Umelitawanya kwenye barua nzima, kipande huku kipande kule. Nimeviokota. Anapiga mpira, kisha anauliza umekwenda wapi. Ujumbe wa simu hajibu, anapiga. Tangu Septemba jioni anaomba lifti. Lori halipo, theluji mahali pake haijakanyagwa. Dereva wa malori mwenye miaka 59 ameacha usukani katikati ya maisha na kwenda kufua mashuka usiku.

Mimi si daktari, na naweza kuwa nimekosea. Lakini nadhani Mwalimu haoni vizuri, na amekuwa akiwaficha.

Huko kwenu dereva wa malori ya masafa lazima awe na cheti cha afya, na muda wake hauzidi miezi 24. Macho yanapimwa kila mara. Kipimo cha kawaida ni kwamba kila jicho lisome kwa futi 20 kile ambacho jicho zima hukisoma kwa futi 40, na asiyefikia hapo kuna masharti yake. Asiyepita, lori linasimama. Likisimama na mkopo wake haujaisha, hesabu zilizobaki unazijua. Hata 740 inakuwa mlima. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema ukivipanga vipande vyako vyote mezani, vinakaa hivyo bila kulazimishwa, na hadithi yako ya mzee mjanja anayekudhulumu haikai.

Na jambo hili lina haraka kuliko safari yenu. Kama ni mtoto wa jicho, huo ni upasuaji mfupi, wanatoa ile lenzi iliyofifia wanaweka nyingine, na mtu anaona tena. Kama ni presha ya macho, ile wanayoiita glakoma, hiyo huanza kula pembeni mwa macho polepole bila maumivu, na kilichokwisha kupotea hakirudi, ila dawa zinaweza kuzuia kisiendelee. Watu wenye asili ya Afrika huipata zaidi na mapema zaidi kuliko wengine. Kama ni kisukari, nacho hushambulia macho. Katika hayo yote hakuna hata moja linalopona kwa kukaa kimya na kupigwa bega. Bima akikosa, wewe unayefanya kazi za afya unajua kuliko mimi: hapo Minnesota kuna MinnesotaCare kwa wenye kipato kidogo, na kuna vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na mfuko wa mtu. Mwanamume wa rika lake hatajaza fomu hizo peke yake. Kaa naye, mjaze pamoja.

Kisha niambie: anafikaje kazini usiku? Jioni anaomba lifti kwenda msibani, lakini hiyo zamu ya usiku nani anampeleka? Swali hilo mimi ningemuuliza kabla ya hela, kabla ya kila kitu. Kama anajiendesha gizani, kwenye barafu, hilo halisubiri Machi.

Namna ya kusema naye. Mfuate mchana, siku ambayo hamna watu, mchukue kwenye gari lako. Wanaume wazima husema mambo yao wakiwa wote wameangalia mbele. Mpeleke Hiawatha hata kama ni theluji tupu, mwegeshe hapo nje ya lile jengo alilokuonyesha. Usimuulize, "Je, huoni?" Hilo ni swali la polisi. Anza na lako tena, kama kwa mke: "Mwalimu, ile 740 nililipa mimi. Sikukuuliza, nikakuweka mahali pabaya mbele za watu. Naomba radhi." Halafu uliza lori liko wapi, na umwache. Akinyamaza nusu saa, nyamaza naye. Washa joto la gari.

Na ile hela usimdai. Sisemi hivi kwa kuwa wewe ni tajiri. Hukumkopesha, hujui hata kama angekubali mkopo huo, na deni ambalo mtu hakulikubali halidaiki. Kaeni na mke wako muamue, ni zawadi au hapana. Mkiamua ni zawadi, mwambie kwa neno hilo hilo, zawadi, ili asibaki akikuangalia kila mwisho wa mwezi. Mwenyewe akisema atalipa, pokea dola 20 zake kwa mikono miwili na usihesabu mbele yake.

Lakini kuna mlango mmoja uliomfungia, na ufungue. Ulipolipa usiku ule ulidhani unamwokoa. Huenda alikuwa anatafuta njia ya kutokwenda. Pengine Oktoba alipotoa zile 200 alikuwa na matumaini na macho yake, Februari hana. Mwulize waziwazi: "Mwaka huu unataka kwenda?" Akisema hapana, basi yule jamaa wa St. Paul mwenye hela mkononi achukue nafasi yake kwa 940 zote. Mpwa wangu anasema vifurushi vya kundi kwa kawaida huhesabu vichwa, majina hubadilika. Mwalimu atarudishiwa zake 200, nawe utarudisha 740 nyumbani ukiwa huna la kuuza. Kikundi kiambiwe, "Mwalimu ana shughuli ya familia." Inatosha. Macho ya mtu si habari ya WhatsApp.

Akisema anataka kwenda, nenda naye, na mpangilio uubadili wewe, ndiyo faida ya kushika mfuko. Mcheze wawili wawili, kila timu ipige mipira yote miwili na kuchagua uliokaa vizuri. Timu yako wewe na yeye. Mpwa wangu ananihakikishia kwamba kumtazamia mwenzako mpira umeangukia wapi hakuna kanuni inayokataza, na kwamba tangu mwaka 2019 mpira unatafutwa dakika tatu tu, baada ya hapo umepotea, kwa hiyo wale wanaosonya nyuma hawatangoja sana. Chukueni mipira ya njano. Akipiga, wewe umwambie kabla hajauliza: "Kati, kulia kidogo ya mti, mita kumi kabla ya mchanga." Alikuwa kedi huyu. Anajua kazi hiyo inavyofanywa na mtu anayeiheshimu, na atajua unafanya nini bila kuambiwa. Gari la kukodi aendeshe mwingine, hasa usiku kwenye ile barabara ya 17 inayopita kandokando ya pwani.

Wale wenye madole gumba usiwasute. Hawakujua, kama wewe ulivyokuwa hujui, na wewe ndiye unayempa lifti.

Mfuko usiuache kabla ya safari, ni kuwatupia watu mzigo mlangoni. Mkirudi, kuanzia Oktoba muwe mnachanga kidogo kidogo kila mwezi kama kikoba, maana mtu akikwama mwezi wa pili wa mchango inaonekana mapema, si siku ya mwisho usiku wa manane. Aliyekwama amwambie mshika mfuko peke yake, na mshika mfuko asilipe cha mtu bila kumwambia mwenyewe. Hilo la mwisho liandikeni, maana naona kuna mtu analihitaji.

Umesema umechoka kuwa mtu mwema anayeonekana mbaya. Mwanangu, hujaonekana mbaya na yeyote bado. Mke wako hajui kisa chenyewe, Mwalimu hajasema, kikundi hakina habari. Umekaa tu saa kumi alfajiri unajihukumu kwa kesi ambayo hakuna aliyeisikia. Ipeleke kwa wenyewe.

Na hizo breki: zikilia namna hiyo zimekwisha. Mke wako anaziendesha kwenye barafu. Gari lipelekwe kwa fundi kesho asubuhi ukitoka zamu, na risiti uiweke mezani pale pale alipoweka ufunguo.

Mama Mkubwa